Kisa cha Al Sieber na risasi ya San Carlos

Tarehe 1 Juni 1887, jioni, kwenye kambi ya San Carlos huko Arizona, Marekani, eneo walilotengewa Waapache, wenyeji wa asili wa pale, Al Sieber, mkuu wa maskauti (wafuata nyayo wa jeshi), alikuwa amesimama mbele ya hema lake mikono mitupu. Hana bunduki, hana bastola. Huyu ni mtu aliyeishi na bunduki kwa miaka karibu 20 kama mkulima anavyoishi na jembe, kwahiyo ukimkuta hivyo ujue siku ile hakutegemea vita. Muda mfupi baadae alikuwa chini, kifundo cha mguu kimesagika, na kijana aliyemlea na kumfundisha kazi anakimbilia milimani akiitwa muasi. Nataka nikipitie hiki kisa chote taratibu kwasababu naona kimesimuliwa vibaya miaka mingi. Watu wanaofuatilia habari za Waapache wote wanamjua Geronimo, kiongozi wao wa vita, wachache wanamjua Apache Kid, ndo huyo kijana, halafu huyu Sieber aliyekuwa katikati ya kila kitu karibu hakuna anayemtaja, na ukimuondoa yeye kisa hakieleweki kabisa.

Tuanze na mtu mwenyewe.

Sieber alizaliwa miaka ya 1840 kijiji cha Mingolsheim, Baden, upande wa kusini magharibi wa Ujerumani ya leo. Akapelekwa Marekani akiwa bado mtoto, familia ikakaa Pennsylvania na baadae Minnesota. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto akajiunga na kikosi cha kwanza cha Minnesota, na tarehe 2 Julai 1863 akawa kwenye mapigano ya Gettysburg. Siku ile kikosi kiliamriwa kikimbie mbele kuziba pengo mpaka wenzao wafike, watu 262 wanakwenda kukutana na kundi kubwa kuliko wao mara kadhaa, na zaidi ya 200 wakaanguka, waliokufa na walioumia. Sieber aliumia kichwani kwa kipande cha kombora na mguuni kwa risasi. Alikuwa kijana wa miaka kama 20 tu. Huo mguu uukumbuke.

Vita ilipoisha akashika njia ya magharibi kama vijana wengine wengi wa wakati ule, na wote walichokuwa wanakifukuza ni kimoja tu, madini. Alipita California, akapita Nevada, na kabla ya 1870 tayari yuko Arizona maeneo ya Prescott. Alikuwa prospekta kwelikweli, mtu wa sururu na karai, anaosha mchanga wa mto asubuhi mpaka jioni, anagonga mwamba anauangalia kwenye jua, anaweka alama ya kitalu chake halafu anahamia bonde linalofuata. Wachimbaji wetu wa Chunya na Geita hawahitaji kuelezewa hiyo hali, unaingia porini na matumaini unatoka na deni la unga. Sieber hakuwahi kutajirika na madini, si wakati ule na si baadae, lakini kule porini alipata kitu kingine. Aliijua nchi. Alijua maji yako wapi, alijua bonde gani linatokea wapi, na alijifunza kusoma nyayo. Akawa pia msimamizi wa ranchi moja huko Williamson Valley, na kila mifugo ilipoibiwa yeye ndo aliyekuwa anaongoza watu kufuata nyayo. Jina likaanza kukua kuanzia hapo.

1871 jeshi likamleta Jenerali George Crook Arizona. Crook aliona kitu ambacho wenzake walikuwa hawataki kukiona, kwamba askari wa kizungu na farasi wake mzito na mizigo yake hamkamati Mwapache kwenye milima ya nyumbani kwake. Anayeweza kumfikia Mwapache ni Mwapache mwenzake. Sheria ilikuwepo tayari, ya 1866, iliyoruhusu jeshi kuandikisha wenyeji mpaka 1,000 kama maskauti, wanalipwa sawa na askari wa kawaida, dola 13 kwa mwezi, na mkataba mara nyingi wa miezi sita sita. Hapa kuna jambo linalopitwa na wengi nalo litakuja kutusumbua mbele: skauti wa Kiapache alikuwa askari kamili wa jeshi la Marekani, ameapa, yuko chini ya sheria za kijeshi. Ila mkuu wa maskauti kama Sieber alikuwa raia wa kuajiriwa tu, hana cheo chochote. Anayetoa amri hana cheo, wanaopokea amri ndo askari. Huo ulikuwa mpangilio wa ajabu na kwa miaka ulifanya kazi kwasababu moja tu, watu walimuamini yule mtu.

Na walimuamini. Sieber hakuwa malaika, tusidanganyane, aliua watu na aliishi kwenye vita isiyo na huruma ya upande wowote, lakini maskauti walimfuata miaka nenda rudi kwasababu alitembea kama wao, alikula walichokula, na akisema kitu ndo hicho hicho. Alikuwepo kwenye kampeni ya Crook ya 1872 na 1873. Alikuwepo Februari 1875 wakati Wayavapai na Watonto Apache kama 1,400 walipohamishwa kwa nguvu kutoka Rio Verde kwenda San Carlos, kilomita karibu 290 kwa miguu wakati wa baridi, wanavuka mito iliyojaa, wazee wamebebwa mgongoni, na wengi wakafia njiani. Wajukuu zao wanaikumbuka safari hiyo mpaka leo. 1882 alikuwepo kwenye mapigano ya Big Dry Wash. 1883 Crook alivuka mpaka akaingia milima ya Sierra Madre huko Mexico na maskauti Waapache 193, ngome ambayo Geronimo na wenzake walidhani hakuna jeshi litakaloifikia, na Sieber ndo alikuwa mkuu wa maskauti wale.

Nifungue mabano kidogo. Kwetu ukisema skauti mtu anawaza watoto wa shule na skafu shingoni. Hilo neno limesafiri njia ndefu na sehemu ya njia imepita hukohuko. Kulikuwa na kijana mmoja, Frederick Russell Burnham, aliyezunguka Arizona na maeneo ya Globe, mji wa madini jirani na San Carlos, miaka ya 1880, akajifunza kusoma nyayo kwa wazee wa vita vya Apache, akaja Afrika, na 1896 kwenye milima ya Matobo, Zimbabwe ya leo, akamfundisha Baden-Powell ile elimu ya porini. Burnham huyo huyo 1902 aliongoza msafara hapa Afrika Mashariki uliokwenda kukuta magadi ya Ziwa Magadi. Baden-Powell akaanzisha Maskauti, na kaburi lake liko Nyeri. Kwahiyo ule ujuzi wa Waapache wa kuangalia jani lililokanyagwa kwa namna fulani umefika mpaka kwenye gwaride la shule zetu, ila wao wenyewe hawatajwi, na Sieber hatajwi.

Sasa kijana. Waapache walikuwa na jina lake refu, wazungu wa Globe wakashindwa kulitamka wakamuita Kid. Alikulia mitaani Globe akifanya vibarua, na Sieber akamchukua akiwa bado mdogo, akawa anampikia, anamtumikia, anajifunza. 1881 akaandikishwa skauti, muda si mrefu akawa sajenti, baadae sajenti wa kwanza, cheo cha juu ambacho Mwapache angeweza kufika pale. Ukiangalia uhusiano wao haukuwa wa bosi na mfanyakazi tu. Sieber hakuoa. Huyu kijana ndo alikuwa mtu wake wa karibu kuliko wote, na kazi zote ngumu alimpa yeye.

Kisa chenyewe kinaanza mwisho wa Mei 1887. Vita ilikuwa imeisha, Geronimo alijisalimisha Septemba 1886. Msimamizi wa San Carlos alikuwa Kepteni Francis Pierce. Pierce na Sieber wakaondoka kwenda ukaguzi upande wa Fort Apache, na Kid akaachiwa kambi na maskauti. Yaani akaachiwa ulinzi wa sheria.

Wakati hawapo watu wakapika tizwin. Hii ni pombe ya mahindi, unaotesha mahindi, unasaga, unachemsha, unaacha ichachuke, kwa aliyekulia Mbeya nikisema komoni atanielewa moja kwa moja. Serikali ilikuwa imeipiga marufuku na marufuku hiyo ilishaleta balaa 1885, ilikuwa ni moja ya sababu za Geronimo kutoroka. Kwenye ulevi ule ugomvi ukazuka, na mzee wa ukoo wa Kid akauawa. Aliyeua akauawa na watu wa Kid. Ila kwa hesabu za Kiapache jambo lilikuwa halijaisha, maana nyuma yake kulikuwa na mtu anaitwa Rip, aliyekuwa na kinyongo cha miaka na ukoo ule na aliyeonekana ndo mwenye mzizi wa mauaji. Kid akaenda na wenzake wanne, wote maskauti, akampiga risasi Rip akafa.

Hapa ndo kiini cha kisa na naomba tukae kidogo. Ukiangalia kwa macho ya jeshi, sajenti aliyeachiwa kambi amelewa, ameacha kituo bila ruhusa siku kama tano, na ameua mtu. Hakuna jeshi duniani litakalofumbia macho. Ukiangalia kwa macho ya Waapache, mtoto wa kiume mkubwa ambaye damu ya mzee wake imemwagika na yeye akakaa kimya kwa sababu ya dola 13 za serikali huyo siyo mtu tena. Kila mtu San Carlos alijua lazima aende. Na serikali yenyewe ilimchukua kwasababu ni Mwapache, ilitaka macho yake ya Kiapache na miguu yake ya Kiapache na ukoo wake umfuate kwenye kazi, halafu siku ukoo unapodai haki yake inataka awe askari mtupu asiye na ukoo. Mimi sisemi kumuua Rip ilikuwa sawa. Nasema yule kijana alikuwa amefungwa kamba mbili na kila moja inavuta upande wake, na waliomfunga walikuwa wanajua.

Alikuwa na uchaguzi wa tatu, kukimbia. Hakukimbia. Alisikia Sieber karudi na anamuita, akaja. Hilo kwangu lina uzito kuliko kitu chochote kingine kwenye faili lote. Mtu anayepanga uasi haji mwenyewe kwenye hema la mkuu wake saa za jioni na wenzake wanne nyuma yake.

Pierce akatoka, akauliza wako wapi maskauti wangu waliokuwa hawapo. Akaamuru watoe silaha. Kid akawa wa kwanza, akatoa bunduki, akavua mkanda wa risasi, akaviweka. Wenzake wakafanya hivyo hivyo. Pierce akaonesha kwa mkono upande wa mahabusu ya kambi, waende wakafungiwe.

Wakati huo watu walikuwa wamejaa. Waapache wengine juu ya farasi, wengine kwa miguu, ndugu na jamaa, baadhi wana bunduki. Na hapa kuna mkalimani, Antonio Diaz, ambaye inaelezwa alisema maneno au alifanya ishara kwamba hawa watapelekwa mbali, kwenye kisiwa, yaani Florida. Ukisoma haraka unaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Siyo dogo. Miezi tisa tu nyuma, baada ya Geronimo kujisalimisha, serikali iliwapakia Wachiricahua, yaani Waapache wa kabila la Geronimo, karibu 500 kwenye treni ikawapeleka Florida kama wafungwa wa vita, wanaume, wanawake, watoto, na ndani ya treni zile walikuwemo maskauti waliolitumikia jeshi kwa uaminifu. Martine na Kayitah, wale wawili walioingia kwenye kambi ya Geronimo kumshawishi ajisalimishe, nao walipelekwa. Fikiria wewe ni skauti umesimama pale bila bunduki, unajua wenzako walishukuriwa vipi, halafu mtu anataja Florida.

Mtu mmoja kwenye ule umati akainua bunduki. Risasi ya kwanza ikapigwa, zikafuata nyingine. Sieber akaruka ndani ya hema kuchukua bunduki yake, akatoka nayo, na hapo ndo risasi ya bunduki kubwa ya jeshi, zile za .45-70, ikampiga kwenye kifundo cha mguu. Risasi yenyewe ni dude la madini laini ya risasi lenye uzito wa zaidi ya gramu 25. Haipiti kwenye mfupa kama sindano, inaupasua. Kifundo kina vifupa vingi vidogo vimeshikana, kikisagika hakirudi. Mtu aliyeishi kwa kutembea, aliyewafuata watu kwa miguu mpaka ndani ya Mexico, kuanzia jioni ile mpaka anakufa alikuwa kilema.

Nani alipiga? Jina linalotajwa zaidi ni la Mwapache aliyeitwa Curley. Kid bunduki yake ilikuwa imeshatoka mikononi. Wapo waliosema aliruka kutaka kuichukua tena pale vurugu ilipoanza, na hata kama ni kweli, risasi iliyomvunja Sieber haikutoka kwake. Vurugu ikamalizika haraka, Kid na wenzake na wengine waliokuwepo, jumla watu kama 17, wakapotelea gizani.

Yaliyofuata porini nitayapita haraka. Wazungu wawili, Diehl na Grace, waliuawa njiani na kundi lile. Jeshi likawafuata wiki kadhaa. Kid akatuma ujumbe kwamba askari wakirudishwa atakuja mwenyewe, Jenerali Nelson Miles akakubali, na mwisho wa Juni wakajisalimisha. Kwa mara ya pili amekuja mwenyewe.

Mahakama ya kijeshi ikakaa San Carlos, makosa ni uasi na kutoroka jeshini, hukumu kupigwa risasi mpaka kufa wote watano. Miles hakuridhika, akairudisha mahakama ikae upya, ikatoka kifungo cha maisha, yeye mwenyewe akapunguza mpaka miaka 10. Wakakaa mahabusu pale pale kisha Januari 1888 wakapelekwa Alcatraz, kisiwa kweli. Kile walichokiogopa kwenye hema kikawa. Ila makao makuu ya sheria ya jeshi yakapitia faili na kuona maofisa waliokaa kuwahukumu walikuwa na chuki tayari, na Oktoba 1888 wakaachiwa wakarudi nyumbani.

Ingeishia hapo, kisa kingekuwa kimepata haki yake kwa kiasi fulani. Haikuishia. 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Mwapache mwingine kabisa aitwaye Gon-shay-ee, iliamua kwamba mauaji ya namna ile yanayofanywa na wenyeji ndani ya Arizona yanatakiwa kusikilizwa na mahakama za eneo na siyo zile za serikali kuu. Uamuzi ulikuwa wa kiufundi na ulitoka kwa Mwapache anayetafuta haki. Ila watu wa Gila County, wilaya ya Globe, wakauona kama mlango. Sherifu Glenn Reynolds akapewa hati, na Oktoba 1889 Kid na wenzake wakakamatwa tena, kwa tukio lile lile la 1 Juni 1887, safari hii kosa limebadilishwa jina: kumshambulia Al Sieber kwa nia ya kumuua.

Na Sieber akaenda Globe kutoa ushahidi upande wa mashtaka.

Hapa ndo ninapomlaumu. Nimemsifia huko juu na sifa zake siziondoi. Lakini huyu alikuwa mtu anayeweza kuangalia nyayo kwenye mwamba akakwambia wamepita wangapi na lini, na alikuwepo palepale, aliona bunduki ya Kid ikitoka mikononi. Miaka miwili ya maumivu ilikuwa imepita, mguu haujapona na hautapona, na nadhani alihitaji mtu wa kubeba ule mguu. Curley siyo mtu aliyemlea. Kid ndiye. Uchungu wa risasi na uchungu wa kuangushwa na mtoto uliyemuamini vikachanganyika akashindwa kuvitenganisha. Naelewa kabisa uchungu wake. Ila pale Globe, mbele ya wazee wa baraza wa kizungu ambao wangeweza kumfunga Mwapache kwa kuangalia sura tu, mtu pekee ambaye neno lake lingeweza kumtoa Kid alikuwa Sieber, na neno lake likaenda upande mwingine. Hukumu ikawa miaka 7 jela ya Yuma.

Watu wa Arizona walikuwa na msemo wao kuhusu Yuma, joto lake na mawe yake, sitaurudia. Waapache wa wakati ule waliona kufungiwa kule ni sawa na kufa.

Tarehe 1 Novemba 1889 gari la farasi likaondoka Globe likiendeshwa na Eugene Middleton, ndani sherifu Reynolds na msaidizi wake Holmes, wafungwa wanane wa Kiapache na mmoja wa Mexico, Jesus Avott. Inasimuliwa Sieber alitaka kuwapa maskauti wa kuwasindikiza na sherifu akakataa akiona anatosha mwenyewe. Kesho yake, kwenye mlima wa Kelvin, njia ilikuwa kali na mchanga mzito, farasi hawavuti. Wakawashusha wafungwa watembee nyuma wakiwa wamefungwa wawili wawili, isipokuwa Kid na mwenzake mmoja walioachwa ndani ya gari na pingu zao kwasababu waliogopwa zaidi. Wale wa nyuma wakamvamia sherifu. Reynolds akafa, Holmes akafa, Middleton akapigwa risasi usoni akaanguka lakini akapona, na yeye mwenyewe miaka ya baadae alieleza kwamba wenzake walitaka kummalizia na Kid ndo aliyewazuia. Angalia tena. Kid hakuwa kwenye lile kundi lililoua. Alikuwa ndani ya gari amefungwa.

Safari hii hakurudi. Wengine karibu wote waliuawa au kukamatwa ndani ya mwaka mmoja, yeye hakukamatwa kamwe. Serikali ya eneo ikatangaza zawadi ya maelfu ya dola, na kwa miaka kila mauaji yasiyo na mwenyewe kati ya Arizona na Mexico yakaandikwa kwa jina lake. Maskauti waliotumwa kumtafuta walikuwa wanamtafuta mtu aliyefundishwa na Sieber namna ya kufuata nyayo, maana yake alijua pia namna ya kutoziacha.

Na Sieber? Mwisho wa 1890 msimamizi mpya wa San Carlos, Kepteni John Bullis, akamfukuza kazi. Inaelezwa walikosana kuhusu namna Bullis alivyowatumikisha Waapache kwenye kazi za barabara, Sieber akasema wazi kwamba siyo sawa. Kama ndivyo basi mdomo ule ulioshindwa kusema Globe ulisema San Carlos mwaka uliofuata, na ukamgharimu ugali wake. Miaka karibu 20 ya kazi, majeraha mwili mzima, anatoka na mguu mbovu na hana cheo cha kustaafia, maana kama nilivyosema juu alikuwa raia wa kuajiriwa.

Akarudi kwenye karai na sururu. Hii sehemu ya maisha yake haina mapambano ya kusimulia na ndo maana waandishi wanairuka, lakini mimi inanigusa sana. Mtu wa miaka karibu 50, kifundo hakikunji, anapanda milima ya Globe na Tonto akitafuta mwamba. Globe yenyewe ilianza kwa madini ya fedha kabla shaba haijaifanya tajiri, na ardhi ile ilikuwa ndani ya mipaka ya Waapache San Carlos mpaka watu wa madini walipoigundua, hapo mipaka ikasogezwa na Waapache wakaambiwa hii siyo yenu tena. Ilifanyika hivyo zaidi ya mara moja. Sieber alikuwa na mguu mmoja kwa hao waliosogeza mipaka na mguu mwingine kwa hao waliosogezewa. Alikuwa na vitalu hapa na pale, akachimba na wenzake, hela ya maana haikutoka.

Serikali ilipoanza kujenga Bwawa la Roosevelt kwenye mto Salt, karne mpya imeingia, ikahitaji barabara za kupitishia mizigo milimani, na ikahitaji vibarua. Vibarua waliopatikana ni Waapache, tena wengi wao watu waliolitumikia jeshi au watoto wao. Na nyapara wa genge lao akawekwa yule yule mzee, anayejua lugha zao kidogo na wanayemjua wao zaidi. Fikiria hilo genge. Kuna wazee pale waliwahi kuwa maskauti wake Sierra Madre, sasa wanapasua mawe, na yeye anachechemea juu na chini ya barabara akiwaangalia.

Tarehe 19 Februari 1907 walikuwa wanahangaika na jiwe kubwa juu ya barabara, wamechimba chini yake ili lidondoke. Jiwe likaachia ghafla. Mtu mwenye miguu miwili mizima angeruka pembeni. Sieber hakuwahi, likamuangukia likamuua hapo hapo. Baadae zikazuka hadithi mbili, moja kwamba Waapache walilisukuma makusudi kulipa kisasi, nyingine kwamba yeye alikuwa anawasukuma wao watoke njiani. Ya kwanza haina ushahidi wowote na naona ni uonevu ule ule wa siku zote, kila mzungu akifa kuna Mwapache anatafutwa. Ya pili watu wanapenda kuisimulia na ingependeza kama ni kweli, lakini haihitajiki. Kile kifundo kilichovunjwa mbele ya hema kinatosha kueleza kwanini hakuruka.

Walimsimamishia nguzo ya mawe karibu na bwawa na mwili wakaupeleka Globe, na ndipo alipo mpaka leo, kwenye mji ule ule ambao mahakama yake ilisikiliza kesi ya mguu wake.